Hatugeuki kwa Mluzi

Dama hakugeuka. Nicanor alipiga mluzi mara ya kwanza, akapiga mara ya pili, kisha akatia vidole viwili mdomoni akapiga wa tatu uliosikika mpaka barabarani kwenye malori. Dama aliendelea kushona gunia lake.

Ghala lenyewe ni la pojo, hapa Changamwe. Sisi makuli tulikuwa kumi na wanane, tukibeba magunia kutoka kwenye mizani hadi kwenye kontena. Dama alikuwa mwanamke peke yake upande wetu, na kazi yake ilikuwa shazia, ile sindano nene ya kufungia mdomo wa gunia. Mashine ya kushonea ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Bila mkono wa Dama, gunia halitoki.

Nicanor ndiye msimamizi wetu. Alikuja kutoka bara mwaka jana, mtu wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi, hatukani mtu. Ila haiti mtu. Akikutaka hupiga mluzi, ukigeuka anakuonyesha kwa kidole: wewe, pale. Huku kwetu mluzi ni wa mbwa. Mtu huitwa jina, na kama jina lake hulijui kuna mama, kuna baba, kuna ndugu, kuna mzee. Maneno hayo hayauzwi dukani. Lakini sisi tuligeuka. Mwaka mzima tuligeuka.

Siku hiyo Nicanor alimwendea Dama akasimama mbele yake.

"Wewe, husikii?"

"Nasikia."

"Sasa mbona hugeuki?"

"Nilidhani unamwita mbwa wako. Mimi naitwa Dama."

"Hapa ni kazini, si harusini. Kama masikio yako yanachagua, nenda nyumbani. Na kesho usije."

Dama akachomeka shazia kwenye gunia lililokuwa nusu, akafunga leso yake vizuri, akaondoka. Ana watoto watatu na baba yao ameshakufa. Sote tulijua kwamba kibarua hicho ndicho sufuria yao. Tulijua pia kwamba kibarua akiambiwa usije kesho, ndiyo basi. Hana barua, hana pa kulalamika.

Nitasema kweli kwa sababu nilikuwapo. Hatukufanya kitu. Tuliinamisha vichwa tukabeba magunia yaliyokuwa yameshashonwa. Nilibeba la kwanza, nikabeba la pili. La tatu likiwa mgongoni, nikamkumbuka mke wangu Agneta. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekaa uani, nataka maji ya kunywa, naye yuko jikoni. Nikampigia mluzi. Wallahi sikufikiria, ulitoka wenyewe. Agneta alikuja mpaka mlangoni, mikono mitupu, akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Changawa," akasema, "umeniona nina mkia?"

Maji nilikwenda kuyachota mwenyewe.

Basi nikalitua lile gunia chini, katikati ya njia. Ruwa, aliyekuwa nyuma yangu, karibu anigonge.

"Umechoka, mzee?"

"Miguu haijachoka. Shingo ndiyo imechoka kugeuka."

Ruwa alicheka. Halafu akaacha kucheka, naye akatua lake. Wa nyuma yake akauliza kuna nini, akaambiwa, akatua. Foleni nzima ikakaa juu ya magunia kama watu wanaongoja chai.

Mluzi ukaja. Watu kumi na wanane, hakugeuka hata mmoja. Fidel, ambaye huwa hawezi kunyamaza, alikuwa akiangalia dari kana kwamba kuna mtu kaandika kitu huko.

Nicanor hakusema nasi. Alikwenda moja kwa moja getini, ambako kila siku kuna watu wanaongoja kuitwa kazi. Akawapigia mluzi, akaonyesha vidole vinane: nataka wanane. Watu hao wana njaa kuliko sisi, na nilijua hapo ndipo tutakapoanguka. Lakini Dama alikuwa amepita getini dakika chache kabla, na getini hakuna siri. Mmoja wao, Mwidani, alitazama kulia, akatazama kushoto, akainama akachungulia hata chini ya lori.

"Bosi," akasema, "umepoteza mbwa? Ana rangi gani tukusaidie kumtafuta?"

Geti zima likaangua kicheko. Hata askari wa zamu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Nicanor alirudi jasho likimtoka. Kontena lilitakiwa bandarini kabla ya jioni, na meli haimngoji mtu.

"Mnataka nini?" akatuuliza.

"Majina yetu," nikasema. "Na Dama arudi."

"Majina! Vibarua mnabadilika kila wiki. Mimi nitawajuaje?"

"Hilo lori lililoko nje, nambari yake ni ngapi?"

Akaitaja yote, herufi na tarakimu, bila hata kulitazama.

"Na lile la jana?"

Akaanza kuitaja, akafika katikati, akanyamaza. Aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Haya," akasema polepole. "Mwiteni huyo mama arudi."

"Hatumwiti sisi. Aliyemfukuza ni wewe."

Ndivyo tulivyopanda bodaboda, yeye katikati na mimi nyuma, mpaka Jomvu Kuu, ambako Dama amepanga chumba. Pikipiki ilipofika mlangoni, Nicanor akamwambia dereva, "Piga honi atoke."

Mwenye nyumba, Bi Dhahabu, alikuwa kibarazani akimenya mbaazi. Hakuinua uso.

"Mwanangu, huo mlango una ugonjwa?"

"Hapana, bibi."

"Basi hodi utaipiga lini?"

Nicanor akashuka. "Hodi."

"Karibu. Lakini nyumba hii ina watu saba. Umemjia nani?"

"Dama," akasema, chini chini.

"Mimi masikio yamezeeka."

"Bi Dama!" akaita kwa nguvu.

Dama alitoka, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa ameshaanza kufua, kama mtu asiyemngoja yeyote, ila macho yalikuwa mekundu.

"Nilikosea," Nicanor akasema. "Kule nilikoanza kazi, mimi mwenyewe niliitwa hivyo. Miaka minne. Nikadhani usimamizi ndio huo."

"Ulipenda?"

"Hapana."

"Hapo tumeelewana." Akajifuta mikono kwenye leso. "Na kesho?"

"Kesho uje. Na kesho kutwa, na siku zote. Kazi ni yako."

"Na wale wanaume kumi na wanane?"

"Nitajifunza majina yao."

"Utajifunza leo. Nikikalia kiti changu, nisisikie mluzi tena, si kwangu wala kwa mwingine. Ukipiga, naondoka na shazia yangu."

"Sawa, Bi Dama."

Bi Dhahabu aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Ah," akasema, "kumbe anajua."

Tuliporudi, wenzetu waliinuka wote walipomwona Dama. Fidel alipiga vigelegele kama mwanamke wa harusini, vibaya mno, na hakuna aliyemkataza. Dama akaketi, akatunga uzi, akamaliza lile gunia la nusu.

Nicanor akachukua karatasi, akapita kwetu mmoja mmoja akiuliza na kuandika. Kisha akasimama penye mizani kuita zamu za kubeba. Alikosea sana. Ruwa akaitwa Rua, Fidel akaitwa Fidelisi. Kila alipokosea tulimpigia kelele, naye akarudia mpaka jina likakaa. Matthew, mzee kuliko sote, miaka kumi na miwili ndani ya ghala hilo, aliposikia jina lake likitajwa alishtuka, akauliza, "Mimi?" Tukacheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Halafu akafika kwangu. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Ndugu Changawa!"

Nina miaka arobaini na tisa, na shule niliacha darasa la sita; tangu hapo sikuwahi kuitwa jina kwenye orodha. Nikaitika "Naam!" kwa sauti iliyomwamsha dereva wa lori, nikainamisha mgongo nipokee gunia.