Jina Lililong'olewa Juu ya Mlango

Dismas Khisa, mlinzi wa jengo, alikuwa amefika herufi ya tano alipoitwa kutoka chini. Tangu asubuhi alikuwa juu ya jukwaa la mbao aking'oa maneno BIMA YA KIVULI, herufi za shaba ambazo kwa miaka thelathini alizing'arisha kila Ijumaa. Mabega yalimuuma. Mwenye mpya wa jengo alitaka mbele pote pawe vioo.

Aliyemwita alikuwa Wangeci, karani wa kampuni hiyo ya bima enzi zake, sasa mama wa miaka sabini na zaidi anayeishi na bintiye Membley. Alisikia jengo linabadilishwa, akaomba aione ofisi yake mara moja tu.

Lifti ilikufa zamani, kwa hiyo walipanda ngazi, wakipumzika kila ghorofa. Wangeci alisimulia kwamba kampuni ilijenga majumba matatu ya aina moja, hili la Thika, la Nakuru na la Kisumu. La Nakuru sasa ni supamaketi. La Kisumu lilibomolewa.

Ghorofa ya tatu, chumba chake kilikuwa kitupu. Alisimama karibu na dirisha.

"Wajane waliokuja kudai bima za waume zao niliwaketisha hapa," alisema, "wakiangalia nje, ili mtu akilia asionekane."

Kisha akamuuliza Dismas kama kuna wajane waliokuja baada ya kampuni kuanguka na makarani kufukuzwa.

Angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amechoka, na uongo alishausema wa kutosha.

"Walikuja, mama. Karibu miaka miwili. Niliagizwa na wakubwa niseme ofisi imehamia Nairobi. Kuna mmoja wa Ngoliba alirudi mara nne, na faili yake kwa mfuko wa nailoni."

"Mbinya," Wangeci alisema polepole. "Mimi ndiye nilimwambia asiwe na wasiwasi, atalipwa."

Waliketi sakafuni, migongo ukutani, kwa muda mrefu. Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Baadaye Dismas alimshika mkono wakashuka, akamsindikiza hadi stejini kupanda matatu. Kisha akarudi juu ya jukwaa, akang'oa herufi zilizobaki, akazirundika kando ya mlango.

Jioni Muriithi, meneja wa mwenye jengo, alikuja kuangalia kazi. Aliridhika, akamwambia abaki kama mlinzi wa jengo jipya.

Dismas alimpa nyundo na patasi. Alimshukuru, akasema anaenda nyumbani Gitothua kupumzika, na kwamba kesho asimngojee.