Mita Arobaini za Kila Dramu

Kazini walimwita Kufuli, na jina lilimkaa. Alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya kutandaza kebo, mtu wa kufunga kabati, akafunga na mlango wa chumba chenye kabati, kisha akarudi kuvuta komeo ahakikishe hajajidanganya. Hata chupa ya chai aliichora mstari ubavuni, ajue nani kapunguza. Ukimwambia chupa ni ya bati, chai haionekani kwa nje, anakujibu kwamba mwizi hajui hilo.

Mtu wa namna hiyo, ukimpa mkwe, umempa kazi ya pili. Mume wa binti yake wa pekee alikuwa fundi faiba kampuni hiyohiyo. Kazi yake ilikuwa kuunga zile nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga badala ya umeme. Alikuwa mpole, maneno yake ya kuhesabika, na upole huo ndio uliomkera Kufuli. Mtu asiyesema, jamani, anaficha nini? Tena Kufuli mwenyewe ndiye aliyemdhamini kazini miaka mitatu iliyopita, mara tu baada ya harusi.

Kisa kilianza na dramu tatu, yale magurudumu makubwa ya mbao yanayozungushiwa kebo. Zilipofika stoo, mkwe alizipima kwa mashine yake. Mashine inapeleka mwanga ndani ya uzi, mwanga unafika mwisho unarudi, nayo inasema urefu. Akabandika karatasi kwenye kila dramu: mita 2,041, mita 2,043, mita 2,040. Kufuli akanakili kwenye kadi zake, roho kwatu. Enzi za kebo za shaba angesoma namba zilizochapwa kwenye ganda, maana kebo huandikwa ubavuni mita kwa mita, kama tepu ya fundi cherehani. Lakini ncha ya ndani ilikuwa imebanwa nyuma ya mbao, na magoti yake hayakutaka kuinama. Mashine imeshasema, ya nini kujitesa?

Mwezi ukaisha, kebo zikatandazwa zote. Fomu zikarudi na namba za kwenye ganda, ya mwanzo na ya mwisho, na kila dramu ilitoa elfu mbili kamili. Hakuna hata kipande kilichorudi stoo. Kufuli akatoa kwa kalamu, akatoa tena kwa vidole. Arobaini na moja, arobaini na tatu, arobaini. Kila dramu imeliwa, na aliyekula ana adabu ya mezani, anajua kiasi chake. Na fundi wa dramu zote tatu alikuwa mmoja.

"Siku za mwizi ni arobaini," Kufuli aliziambia zile kadi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia. "Huyu kaamua na mita ziwe arobaini."

Alipopelekewa hesabu hiyo, meneja, mama mkavu asiyependa hadithi ndefu, alimsimamisha fundi hapohapo, kisha akamgeukia mtunza stoo. "Mita mia na ishirini na nne haziyeyuki. Ama fundi kaziiba, ama wewe umezipoteza. Nataka barua yako ya maelezo Ijumaa kabla ya saa sita, na mmoja wenu Jumatatu hatakuwepo hapa."

Barua aliiandika Alhamisi, akamtaja mkwe. Mkono ulikuwa mzito, nisimsingizie. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi saba, na cherehani yake ya barazani isingelisha watatu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, Kufuli alijiambia, na damu ya mtu haifuti wizi wa mkwewe. Akaikunja barua, akaitia mfuko wa shati. Kilichobaki ni ushahidi, na Ijumaa asubuhi akaenda kuutafuta kwa binti yake, akisingizia salamu.

Alipita nyuma ya nyumba bila kubisha hodi. Pale uani, kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo, ilikuwa imefungwa kamba ya kuanikia, nyeusi, yenye maandishi meupe. Kebo! Kufuli alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kama mtu aliyeziona funguo zake zilizopotea. Kisha akakumbuka mimba ya mwanawe, na furaha ikamtoka.

Hata hivyo hakuacha. Alianzia ukutani, akawa anasoma namba moja baada ya nyingine, shuka mbichi zikimpiga usoni. Mia nne na kumi na mbili. Mia nne na kumi na tatu.

"Baba," sauti ya binti yake ilitoka mlangoni, "siku hizi unasoma shuka?"

Alikuwa amesimama mkono kiunoni, pini zimejaa kifuani pa gauni. Nyuma yake akatokea mkwe, ameshika kikombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kufuli hakuzunguka mbuyu. "Mita zangu mia na ishirini na nne ziko wapi?"

Mkwe aliweka kikombe chini taratibu. Aliingia ndani, akatoka na kisu na kipande cha kebo cha kufundishia, urefu wa mita moja. Akamwambia Kufuli ashike upande mmoja. Akalichana ganda, na humo ndani vikaonekana vijibomba vya rangi vimejizungusha kwenye fimbo, kama nywele za mtoto zilizosukwa. Akazichomoa nyuzi za kimojawapo, akazinyoosha, akazilaza kando ya ganda. Zilipita ganda kwa upana wa kidole gumba, sentimita mbili kamili.

"Hazilali zimenyooka, baba. Zinazungushwa makusudi, kebo ikivutwa zisikatike. Kwa hiyo uzi ni mrefu kuliko ganda lake. Mashine inapima uzi. Fomu inasoma ganda."

Kufuli alizitazama zile sentimita mbili. Akazizidisha kwa elfu mbili, kichwani, bila vidole. Arobaini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mafundi wote wanajua. Nilidhani na wewe unajua. Juzi nilimweleza meneja, akasema mshtakiwa hajitetei kwa fizikia, atangoja kauli ya mtunza stoo."

Hapo mtu mwingine angeomba radhi, akanywa chai, akaenda zake. Lakini Kufuli ni Kufuli. Alinyoosha kidole kwenye kamba. "Na hii? Hii nayo ni fizikia?"

Mkwe akainamia kikombe chake.

"Hiyo ya mama," alisema binti. "Marehemu aliifungua kwake akanipa siku naolewa. Alisema haikatiki, tena kaletewa na wewe."

Akaisogeza shuka ya mwisho. Chini yake, mbele ya namba, palichapwa aina ya kebo, alama ya stoo, na mwaka. Miaka kumi na moja iliyopita.

Basi yote yakamrudia. Mkewe alikuwa amechoka na kamba za katani zilizokatika na kumwaga nguo kwenye tope. Jumamosi moja yeye, mtunza stoo, alikata mita kumi na mbili kwenye dramu nzima, akajizungushia kiunoni ndani ya koti, akatoka getini akimsalimu mlinzi. Alijiambia ni kipande tu. Ni mwaka huohuo alipoanza kufunga kabati mara mbili. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawa ya moto.

"Ulijua?" alimuuliza mkwe.

"Niliisoma wiki ya kwanza tulipohamia."

"Miaka mitatu hukusema."

"Nguo zilikuwa zinakauka vizuri, baba."

Saa tano na nusu Kufuli alikuwa mbele ya meneja, na kile kipande kilichochanwa mkononi. Alionyesha uzi, akaonyesha ganda, akaeleza kosa lake la kunakili karatasi badala ya kusoma kebo. Meneja alivipima vyote viwili kwa rula yake, akaitikia kwa kichwa.

"Basi fundi arudi kazini leo. Kwa hiyo hakuna kilichopotea."

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuitikia, akatoka, akastaafu na heshima yake mwakani. Mfukoni barua bado ilimchoma, yenye jina la mtu aliyemhifadhi miaka mitatu.

"Zimepotea mita kumi na mbili," alisema Kufuli. "Miaka kumi na moja sasa. Nilizikata mimi."

Akaweka funguo mezani, zote, pamoja na ile ya kabati la chai.