Kadi Kumi na Nne za "Huenda"

Mhariri wa kamusi alikuwa na masharti yake, na wenzake ofisini walishachoka kuyacheka. Kwake, maana ya neno haitungwi kichwani, inatoka kwenye kadi. Kadi yenyewe lazima iwe na sentensi iliyosikika kweli na aliyeisema. Kwa maneno ya kukisia, kama "huenda" na "yaelekea", kulikuwa na mstari wa ziada ulioitwa Kilichofuata. Mtu akisema mvua yaelekea kunyesha, mzee wa watu alikuwa akisimama dirishani mpaka aone mwisho wake.

Alhamisi hiyo binti yake alipita ofisini na swali moja tu. Keshokutwa anahitimu uuguzi, je, baba atakuja? Tangu mama yake afariki, wa kumpigia makofi alikuwa amebaki huyo huyo mmoja.

"Huenda nikaja," mhariri alisema bila kuinua macho, kisha akaitwa simuni chumba cha pili.

Aliporudi alimkuta binti amevuta droo ya herufi H, anasoma kwa utulivu wa kutia wasiwasi. Kadi zile mhariri alizijua, maana aliziandika mwenyewe, kwa uaminifu wa kijinga. "Huenda nikaja kukuona ukikimbia. Msemaji: mimi. Kilichofuata: sikwenda." "Huenda nikawahi siku ya wazazi. Msemaji: mimi. Kilichofuata: sikuwahi." Zilikuwa kumi na nne, kwa mwandiko mzuri kweli kweli.

Binti hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliichukua rasimu ya kamusi mezani akasoma maana ya "huenda": jambo linaweza kutokea au lisitokee. Akauliza kwa upole hiyo nusu ya kwanza imetoka kadi gani.

Mhariri alipekua droo mara mbili. Haikuwepo.

"Sharti ni lako, baba," binti alisema akiufunga mkoba wake. "Futa nusu, au niletee kadi."

Ijumaa hakuhariri kitu. Mara tatu alishika kalamu nyekundu, mara tatu akairudisha. Kufuta ilikuwa kazi ya dakika moja, halafu angeendelea zake na herufi I. Lakini aliona haya, haya ya kumfanya aache chai ipoe mbele yake.

Jumamosi alifika ukumbini kabla ya wapanga viti, wakawa wanamwomba asogee huku, asogee kule. Jina la binti lilipoitwa alisimama akapiga makofi mpaka miwani ikamdondoka. Baadaye akamkabidhi kadi ya kumi na tano, imejazwa yote isipokuwa mstari wa mwisho.

Binti aliegemea ukuta akaandika, akafikiri kidogo, akaongeza, akamrudishia. Mhariri alisoma, akacheka, kisha akatoa leso akajifuta macho mbele za watu.

"Kilichofuata: alikuja. Maana ibaki ilivyo. Kadi zaidi zinahitajika."