Ukurasa wa Jumatano

Kitu cha kwanza nilichokiona ni sakafu kavu. Kila asubuhi mume wa dada yangu alivuta mkono wa valvu ya boila, ile inayotoa mvuke ukizidi, bomba likatema maji, nami nikayadeki. Jumatatu ile nilifika na ndoo yangu nisikute hata tone.

"Shemeji, leo hakuna maji?"

"Valvu imekwama, shemeji." Tayari alikuwa amefungua daftari la boila ili aandike.

Msimamizi wetu pale dobi akamshika mkono. "Ukiandika hivyo, mkaguzi akija anatufungia. Mashuka ya hospitali utayafua kwa mate?"

"Mate ayatoe wapi, na koo limemkauka kwa woga!" akadakia mama mmoja mpiga pasi. Wote wakaangua kicheko. Shemeji naye akacheka kidogo, akaandika: sawa. Jumanne akaandika tena: sawa.

Alhamisi, saa tano kasoro, boila ikapasuka. Shemeji tulimtambua kwa mkanda wa suruali. Yule mama wa pasi aliishi siku mbili, akiomba maji.

Wakaja wachunguzi wawili, wakakaa kwenye chumba cha kukunjia mashuka, wakamwita na dada. Msimamizi akamwekea dada daftari mbele, juu ya mimba yake ya miezi minane.

"Jumatatu sawa. Jumanne sawa. Mwandiko wa nani huu, mama?"

"Wa mume wangu."

"Na Jumatano?"

Dada akafunua, akafunua tena. "Hamna kitu."

"Hamna kitu! Siku nzima hakugusa kalamu. Mtu mvivu namna hii mimi ningemfanyaje?"

Lilikuwa daftari la dukani, kurasa hazina namba. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mchunguzi mmoja akataka kujua kama kuna mtu aliyemsikia marehemu akilalamika. Wenzangu wakainamisha vichwa. Dada akanigeukia.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unayedeki mle. Sema."

"Huyu?" Msimamizi akacheka. "Darasa la nne lilimshinda. Ukimwambia valvu atadhani ni mboga."

Hata mwenzetu aliyeungua, aliyefungwa bandeji usoni, alicheka. Nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka swali likapita.

Ripoti ikaandikwa: uzembe wa mwendesha boila. Sasa dada huteka maji jua la utosi, bombani kukiwa hakuna watu, maana watoto wa yule mama wa pasi humwita mke wa muuaji. Mtoto amezaliwa, wa kiume. Dada amekataa kumpa jina la baba yake. "Aanze maisha na jina la mzembe?" aliniuliza, nami nikaendelea kufua nepi.

Dada, mumeo aliandika. Jumatano, kabla ya kutoka, alijaza ukurasa mzima: valvu haifunguki, nimemwambia msimamizi mara tatu, boila izimwe. Akaweka saa na sahihi. Alhamisi asubuhi msimamizi aliuchana kutoka daftarini, akanipa pamoja na takataka nikautie kwenye moto wa boila. Alidhani sijui kusoma. Nilisoma neno kwa neno, dada, mpaka sahihi. Kisha nikautia.