Tofali Lisiloshuka

Mwalimu wa fizikia alichora njia ya tofali lililorushwa juu. Akaonyesha pembe ya kurushia, kasi ya kuanzia, na kimo cha juu kabisa. Hapo chaki ikagoma.

"Mwalimu, mbona halishuki?" akauliza msichana wa dawati la mbele.

Marehemu mume wa mwalimu alikuwa fundi mwashi. Enzi za uchumba mwalimu ndiye aliyekuwa akimrushia matofali kutoka chini, naye fundi juu ya jukwaa la ujenzi akiyadaka pale pale yanapoishiwa kasi, akimtania, "Lete jingine, mwalimu, mikono inaniwasha." Hakuna hata moja lililowahi kurudi chini.

Mwalimu akamalizia mchoro shingo upande.

"Linashuka," akasema. "Kama huko juu hakuna wa kulidaka, linashuka."