Milimita Mbili za Hewa

Jana usiku niliota niko kwenye ukaguzi wa magari, na kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba mimi si mtu wa ndoto. Mimi ni fundi. Nikilala nimelala, hata mvua ipige bati namna gani.

Kwanza nikueleze jambo la jana mchana, ambalo si ndoto. Mdogo wangu Nuhu anashindana leo kwenye uwanja wa duara kule Dakawa. Ni magari ya kawaida ya barabarani, yamevuliwa viti na kutiwa vyuma, mizunguko ishirini. Ili yasizidiane nguvu, kila injini inawekewa bamba la chuma mdomoni, lenye tundu moja la milimita thelathini na mbili, ivute hewa kupitia hapo tu. Bamba linapimwa asubuhi, linafungwa na kutiwa lakiri jioni. Katikati, wakaguzi wanakwenda kula. Wao walikwenda kula ubwabwa na maharage, mimi nikachukua tupa ya mviringo nikaongeza milimita mbili.

Usinitazame hivyo. Leo kuna watu wa timu kubwa wanakuja kumtazama Nuhu, na kijana ana miaka ishirini na tisa, hatapata siku nyingine. Nilitaka wamwone akiwa mbele. Nampenda mdogo wangu, na mimi nikimpenda mtu nashika tupa.

Haya, ndoto sasa.

Mkaguzi ni kalipa. Sisemi ni mtu anayeitwa Kalipa. Ni kile kipimo chenyewe cha chuma, chenye taya mbili, kimesimama wima nyuma ya meza, kimevaa tai. Namba zinashuka kifuani kama vifungo vya shati.

"Fundi Kondo," anasema, "hewa yote ya Dakawa imepimwa. Hii iliyozidi kwako umeitoa wapi?"

"Hewa ni ya Mungu, mheshimiwa. Iko tele."

"Kanuni ya nne. Hewa haiongezwi, inahamishwa. Tumetafuta ilikopungua, na tumepaona."

Anavuta pazia. Nuhu ameketi kwenye benchi, amevaa ovaroli lake la mashindano, mikono juu ya magoti kama anasubiri kunyolewa. Mdomoni amefungwa bamba. Bolti nne, zimekazwa kwa kupishana kama inavyotakiwa, kazi safi kabisa, nisingeikosoa. Tundu lake halizidi mrija wa soda.

"Shikamoo kaka," anasema kupitia tundu.

"Marahaba. Unapumuaje?"

"Kwa zamu."

Nikataka kumuuliza zamu na nani, nikaona haya. Niliogopa, nakwambia kweli. Lakini mkaguzi alikuwa ameshafungua mlango mwingine na ananiita niingie nitie sahihi, nami nikaingia kama mtu aliyeitwa ofisini.

Huko ndani si ofisi. Ni ndani ya injini. Ukuta unatoa joto, na katikati kuna sufuria kubwa ya petroli inayofuka. Nozo wamekaa kuizunguka. Nozo ni zile zinazomwaga mafuta ndani ya silinda, ila hawa ni akina mama wanne waliojifunga kanga, kila mmoja na kijiko chake.

"Hodi," nasema.

"Karibu, fundi. Usisogee karibu, kuna moto."

Wanapakua. Kijiko kwa pistoni wa kwanza, kijiko kwa wa pili. Pistoni wamepanga foleni na bakuli zao, hawasukumani. Ukutani kuna karatasi, na kila wanapotaka kuchota wanaitazama kwanza.

"Mbona mnapakua kidogo hivyo?" nauliza. "Hewa imejaa humu ndani, upepo unapuliza mpaka kanga zinapepea."

"Hewa tumeiona," anasema mkubwa wao. "Imeingia ya wageni wengi. Mafuta ni ya wageni wale wale wa jana."

"Basi ongezeni."

"Tuongeze kwa ruhusa ya nani? Karatasi imeandikwa na kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, na kontrol boksi katiwa lakiri. Yeye haangalii hewa. Anaangalia mguu wa dereva na mizunguko ya injini, basi, anaandika." Ananikagua kuanzia viatu. "Wewe ni fundi wa kabureta?"

"Miaka ishirini na sita."

Wakatazamana. Yule mdogo wao akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Kabureta hewa ikizidi inavuta mafuta yenyewe," mkubwa akasema, taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba. "Ndiyo mazoea yako, hukukosea kwa hilo. Lakini sisi hatuvutwi, baba. Sisi tunaamrishwa."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa usingizini, jambo ambalo nikiwa macho halikunipitia kichwani hata kidogo. Hewa nyingi, mafuta yale yale. Moto unakuwa mkavu, unakuwa mkali kuliko chuma kinavyoweza kubeba. Mwanafunzi wa gereji wa mwaka wa kwanza angelijua hilo. Mimi sikulijua, kwa sababu nilikuwa hodari.

Pistoni wa tatu hakuwa kwenye foleni. Alikuwa ameketi pembeni kwenye ndoo, kichwa kimeshaanza kulainika kama siagi iliyosahauliwa juani. Anakishika kwa mikono miwili kisimwagike.

"Pole," nasema.

"Ahsante. Mimi nayeyuka mzunguko wa kumi na nne. Kona ya pili, pale penye ukuta wa zege. Injini itakwama, magurudumu yatakwama, na gari litakwenda lilikokuwa linakwenda."

Sasa sikiliza nilivyomjibu, uone mwanadamu alivyo. Nikamwambia, "Huwezi kujikaza mpaka ule wa ishirini?"

"Nimepangiwa kumi na nne," akasema. "Ukitaka, lalamika."

Nikageuka nitafute pa kulalamikia, nikakuta niko Kichangani, nyumbani kwa mama. Turubai limeshafungwa. Majamvi yametandikwa, wanaume wamekaa, ubani unafuka, na jirani yetu anayeazimisha viti anavihesabu kwa sauti. Mkaguzi Kalipa ameketi na wanaume wengine, amevua viatu.

Mama ananijia. Hajalia. Ana uso wa mtu mwenye shughuli nyingi.

"Umechelewa, Kondo. Tumeshindwa kumtoa."

"Kumtoa nani?"

"Nuhu, mwanangu. Nani mwingine?"

Naangalia mlangoni. Mlango haupo. Pale ulipokuwa pamezibwa kwa bamba la chuma, ukuta mzima, na katikati tundu. Upande wa ndani nasikia watu wanahema na jeneza linagonga chuma, wanarudi nyuma, wanajaribu tena.

"Kanuni ya saba," anasema Kalipa bila kuinuka. "Hatoki mtu nyumbani ila kupitia tundu. Tumejaribu mabamba ya timu zote kumi na moja. Hapiti."

"Thelathini na mbili hapiti kabisa," anaongeza jirani wa viti. "Anakwama mabegani."

Mama ananishika mkono. "Wanasema la kwako anapita. Lete, baba. Maiti haiwekwi."

Nikasema mama, sina bamba. Nikalikuta mkononi. Watu wakalichomoa lile la ukutani, wakapachika langu, na mdogo wangu akatoka na jeneza lake kwenye tundu nililolichonga kwa mkono wangu, sawasawa, bila kukwaruza hata upande mmoja.

"Mashaallah," wakasema wanaume kwenye majamvi. "Huyo ndiye fundi."

Wakanipa mkono mmoja mmoja. Nilitamani ardhi inimeze, na nikawashukuru.

Tunabeba. Nipo mbele, bega la kulia. Njia ya makaburini imekuwa ule uwanja wa duara, na tunazunguka. Hakuna anayeuliza kwa nini tunazunguka. Mtu mmoja nyuma anahesabu mizunguko, nami najitahidi nisimsikie.

"Kaka," inasema sauti ndani ya jeneza.

"Naam, Nuhu."

"Mguu wa kushoto unaungua."

"Upo kwenye jeneza, mdogo wangu. Hakuna moto humo."

"Najua nilipo. Nivue soksi basi."

Nikaingiza mkono chini ya shuka lililofunika jeneza, nikaupapasa mguu wake, nikamvua. Mguu wenyewe nilioushika ulikuwa mguu wa mtoto, ule niliokuwa namfunga viatu mama akiwa sokoni. Nikalia. Wabebaji wenzangu wakaniambia nisilegeze bega.

Mkaguzi akatufikia, ana koleo na waya wa lakiri. "Tunafunga," akasema. "Ukishafungwa haufunguliwi mpaka mbio ziishe. Fundi, una neno?"

Ninalo. Ninalo neno, bwana we, ninalo, subiri! Nafungua kinywa na ulimi unagonga chuma. Nazipapasa bolti kwa vidole. Zimekazwa kwa kupishana. Navuta hewa, inakuja kidogo, kwa zamu, na neno ni pana kuliko tundu.

Waya ukabanwa. Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nje mtu anafagia, redio ya jirani inasoma bei za mazao. Nikajiambia, Kondo, ni ndoto hiyo, ulikula maharage mengi. Nikajiambia pia kwamba injini nyingi zimevumilia makubwa kuliko hayo, na nilikuwa karibu sana kujisadiki.

Mlango ukasukumwa. Ni Nuhu, aliyelala hapa kwangu ili tuondoke pamoja. Amevaa ovaroli tayari, nywele mbichi kwa maji, anachekacheka kama mtu anayekwenda kwenye harusi yake.

"Shikamoo kaka. Hujaona soksi yangu? Ile isiyoshika moto. Zote mbili nilizilaza juu ya helmeti jana, mlango wa chumba nilicholala nikaubana kwa kitasa. Imebaki ya kulia peke yake."

Mkono wangu ulikuwa chini ya shuka, umefumbwa. Vidole viliniuma kwa jinsi nilivyovikaza. Nikautoa, nikaufumbua mbele yake.

Akaichukua akicheka, kisha akaiachia ghafla, ikaanguka sakafuni.

"Mbona ya moto hivi?"

Watu wa timu kubwa watafika saa nne. Nilimwangalia mdogo wangu, amesimama mguu mmoja mtupu, anasubiri jibu.

"Kaa kitandani hapa, Nuhu," nikamwambia. "Gari lako nimeliharibu mimi, na leo huliendeshi. Kaa nikueleze, halafu twende wote kwa mkaguzi."