Chusa la Quirino Lomba

Yaliyopita ndiyo ndwele. Tugange hayo kwanza, yajayo yatasubiri.

Quirino Lomba, baba wa babu yangu, alitoka kisiwa cha Brava akaja hapa New Bedford kuvua nyangumi. Yeye ndiye aliyesimama gubetini, mbele kabisa ya mashua, akarusha chusa. Ofisa wake, Thurlow, alikaa tezi, kule nyuma, na kasia la kuongozea. Chusa likishanasa walibadilishana nafasi, ofisa akaja mbele kummaliza mnyama kwa mkuki. Ndiyo ilikuwa desturi. Lakini kibao cha mashua yetu ya kumbukumbu kinasema: "Thurlow, mrusha chusa." Quirino hayumo.

Miaka sita niliomba jina lake liandikwe. Wendell Thurlow, kitukuu wa ofisa yule na mwenyekiti wa chama chetu cha kumbukumbu, alinijibu mbele ya wajumbe: "Zulmira, bibie, watu wenu walipiga makasia. Si aibu."

Siku ya maonyesho Wendell akataka kurusha chusa mwenyewe. Nikashika kasia la tezi. Wapiga makasia wanne walikuwa watu wetu.

Gubetini pana ubao wenye pengo. Mrusha chusa hubana paja humo, maana akisharusha tu, mashua hurudishwa nyuma kwa nguvu zote. Kwetu hata mtoto analijua hilo. Thurlow alisimama kando ya pengo, kifua mbele, akiwapungia watu gatini.

"Dada, mwambie abane paja," binamu yangu Armindo akaninong'oneza.

"Si mrusha chusa huyo? Damu itamwambia."

Akarusha. Pipa lililoelea badala ya nyangumi lilikuwa hatua nne tu, akalikosa. Nikatoa amri ya tangu zamani: "Nyuma wote!"

Mashua ikaenda nyuma, Thurlow akaenda mbele.

Gati zima likaangua kicheko. Armindo akainama ukingoni: "Mzee, umemwona nyangumi huko chini? Tusalimie!"

Tulimvuta tukamrudisha nchi kavu. Akasimama ndani ya blanketi, meno yakigongana.

"Uliniona sijabana paja! Omba radhi hapa hapa, watu wasikie, la sivyo hutaigusa tena mashua hii."

Mashua hiyo nimeipaka mafuta kwa mikono yangu kila majira ya kuchipua. Niliitazama mara moja tu.

"Nilikuona," nikamwambia. "Nikanyamaza, kisha nikatoa amri. Siombi radhi."